Shangazi, harusi ya London niliiona kwa jicho moja

Shikamoo Shangazi,

Natumai hujambo na wa nyumbani kwako hawajambo. Mimi ni binti wa miaka 29, mzaliwa wa Makorora hapa Tanga, nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Majibu yako nimekuwa nikiyasoma kimya kimya, nikicheka shida za wenzangu. Leo zamu yangu.

Tatizo langu ni macho. Tangu kidato cha pili sioni mbali. Ubaoni nilikuwa sisomi, nanakili kwenye daftari la jirani, mpaka mwalimu akadhani naibia. Nikapewa miwani, nikaivaa mpaka chuo, na kwa sababu namba zangu ni kubwa vioo vyake vilikuwa vinene, watu wakanipa jina ambalo sitaliandika hapa. Nilipoanza kupata mshahara nikapanda basi hadi Dar, nikapimwa, nikanunua lenzi za kuvaa jichoni, zile za mwezi mmoja. Siku hiyo nilitembea Kariakoo nikiona mpaka pembeni, hakuna fremu, hakuna kitu kinachoteleza puani. Miwani nikaifungia kabatini.

Mwaka jana mdogo wangu aliolewa London. Nikaenda kwa wiki tatu na lenzi zilizokuwa jichoni tu. Pea ya akiba niliisahau nyumbani. Siku ya tatu, nikiwa bafuni kwa mama mdogo, ya kulia ikaniponyoka ikaingia kwenye sinki. Nilipoipata imenasa kwenye kichujio, imechanika ukingoni.

Tukatoka na binti wa mama mdogo hadi duka la miwani. Kijana wa pale alikuwa na adabu, akaniomba cheti cha lenzi. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya cheti nilichokuwa nacho, cha miwani, cha miaka mitatu nyuma. Akatikisa kichwa. Niweke miadi nipimwe upya, nafasi ni wiki ijayo, kupima kuna bei yake na kulinganisha lenzi na jicho kuna bei nyingine. Nikamwambia kaka, ni lenzi moja tu, pesa hii hapa. Akasema samahani. Shemeji akanishauri niagize mtandaoni. Nako wakataka namba nisizozijua na cheti kile kile.

Ndipo binti wa mama mdogo akaniletea zake. "Dada, mbona na mimi ni sita na nusu!" Kwenye cheti changu jicho la kulia limeandikwa −6.50, nikaona Mungu kanijibu. Hazikuwa mpya, alishazivaa kidogo akazirudisha kwenye kikopo. Nikaisuuza kwa maji ya bomba, nikavaa. Ilikuwa inanikereketa, nikajua nitazoea.

Asubuhi ya harusi niliamka jicho jekundu kama pilipili, na mwanga wa dirishani unanichoma kama sindano. Wakanikimbiza hospitali. Daktari akasema konea ina mkwaruzo na maambukizi yameshaanza, akanipa dawa ya matone ya kila saa, na lenzi marufuku macho yote mawili. Miwani iko Tanga. Basi Shangazi, harusi ya mdogo wangu wa damu nimeiona kama mtu anayechungulia nje siku ya masika. Nilimpa shikamoo mhudumu wa chakula nikidhani ni baba mkubwa. Yule mzungu akanijibu kwa kuniongezea wali. Kwenye picha zote nimefumba jicho moja.

Nilipona, alhamdulillahi. Sasa Novemba ofisi inanipeleka Hamburg, Ujerumani, wiki sita za mafunzo, na nina hofu. Mwenzangu mmoja anasema Ujerumani lenzi zinauzwa kama sabuni, hakuna wa kukuuliza. Mwingine anasema Ulaya yote sheria ni moja. Nani mkweli? Na ni namba zipi nibebe? Zile lenzi za binti wa mama mdogo nilirudi nazo, ziko kwenye droo, nimeziweka za dharura.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mama anasema niachane na lenzi nivae miwani, eti lenzi ni kiburi. Lakini mchumba wangu hajawahi kuniona na miwani. Tuko pamoja mwaka wa pili, mahari imeshazungumzwa, na dada zake ni watu wa maneno. Hajui hata kama navaa lenzi. Nitaanzia wapi?

Jicho Moja, Tanga

*

Marahaba mwanangu, hatujambo.

Nilicheka pale kwa mhudumu wa wali, kisha nikaacha kucheka. Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho. Ikipata kidonda inaweza kupona na kovu, na kovu likikaa mbele ya mboni, miwani ya namba gani itakusaidia? Wewe ulipona, ukabaki na picha mbaya tu. Mimi si daktari. Haya ya kitaalamu nimemkalia mtu wa macho mchana kutwa nikimuuliza, mpaka chai yake ikapoa.

Kwanza, yule kijana wa dukani msamehe. Hakukunyima kwa roho mbaya. Uingereza wana sheria ya mwaka 1989: lenzi yenye namba haiuzwi mpaka kuwe na cheti cha lenzi ambacho muda wake haujaisha, na wauzaji wa mtandaoni walioko kule nao imewafunga. Hata zile za rangi, za urembo, zisizo na namba yoyote, lazima ziuzwe chini ya usimamizi wa mtaalamu aliyesajiliwa. Marekani nako muuzaji ama aone cheti, ama awasiliane na daktari aliyekiandika na kumpa saa nane za kazi ajibu. Jaribu kufikiria simu hiyo inalia Dar watu wameshalala. Lakini Wamarekani wana jambo moja ninalowaonea wivu. Kwa sheria yao ya 2003, daktari akimaliza kukulinganishia lenzi lazima akupe nakala ya cheti, uombe usiombe, bila kukutoza. Sisi huku tunaona haya. Tunalipa, tunapokea kiboksi, tunasema ahsante daktari, tunakimbilia basi.

Kuhusu Ujerumani, wa sabuni ndiye mkweli. Kule maduka ya sabuni na dawa za meno, kama dm na Rossmann, yana rafu ya lenzi. Unachukua boksi lenye namba yako, unalipa, unaondoka. Ndiyo raha yake na ndiyo hatari yake, maana muuzaji asipouliza, wa kujiuliza umebaki wewe. Rafu hiyo ina namba za kawaida. Mwenye jicho lisiloviringana sawasawa, anayevaa lenzi yenye silinda, asiitegemee, aende kwa mtaalamu wa miwani. Na Jumapili maduka yanafungwa. Si kama Ngamiani, ukikosa barabara hii unavuka ya pili. Lenzi ikikuponyoka Jumamosi usiku utaisubiri Jumatatu, labda upate duka kwenye kituo kikubwa cha treni.

Sasa namba, na hapa nitakaa, maana ndipo ulipoumizwa.

Cheti cha miwani si cheti cha lenzi. Kioo cha miwani kinasimama kama milimita 12 mbele ya jicho, lenzi inakaa juu ya jicho lenyewe. Kwa namba ndogo umbali huo si kitu, ila namba ikipita 4 unaanza kuhesabika. Jicho la −6.50 kwenye miwani, ukipiga hesabu ya umbali huo, linaangukia −6.00 kwenye lenzi. Nenda katazame boksi lako la Dar la jicho la kulia; nitashangaa likisema sita na nusu. Kwa hiyo hata kama yule kijana angekubali kukuuzia kwa kile cheti, ungetoka na lenzi kali kuliko jicho lako.

Kisha tazama herufi. PWR, au D, au Sph kama utakavyoona kule, ni nguvu ya lenzi, na kile kistari cha kutoa kilicho mbele yake usikidharau: kuna boksi la +6.00 pia, ni la mtu mwenye shida kinyume na yako. Wajerumani huandika mkato badala ya nukta, −6,00, usibabaike. BC ni mviringo wa mgongo wa lenzi kwa milimita, 8.4, 8.6, hapo hapo. Ikiwa ndogo kuliko jicho lako inabana, ikiwa kubwa inacheza. DIA ni upana, mara nyingi 14 na ushei. Kwenye cheti OD ni jicho la kulia na OS la kushoto, Kilatini hicho.

Binti wa mama mdogo ni sita na nusu, sawa. Mviringo wake je? Na zile lenzi alizivaa siku ngapi, na kikopo chake kina umri gani? (Kikopo hubadilishwa kila miezi mitatu. Wangapi tunafanya hivyo?) Ulivaa lenzi kali, pengine isiyokutosha, iliyotoka kwenye jicho la mtu, na juu yake ukaisuuza bombani.

Hilo la bomba lilinifanya niweke barua yako chini. Maji yetu ya Mabayani yanatibiwa na tunayanywa, ya London yanatibiwa na wanayanywa. Tumbo lina tindikali yake ya kujikinga, jicho halina. Kuna kijidudu kinaitwa akantamiba, kinaishi kwenye maji ya bomba, ya kisima, ya bwawa, kinajibanza kwenye lenzi kisha kinaila konea, na matibabu yake huchukua miezi. Kwa hiyo maji yasiguse lenzi wala kikopo. Ukienda kuogelea Raskazone, lenzi zibaki nyumbani. Na mate pia hapana. Najua mpo mnaolamba.

Tuje kwenye begi lako. Kabla ya Novemba panda tena basi la Dar ukapimwe, maana kile cheti sasa ni kumbukumbu tu. Omba cheti cha lenzi, siyo cha miwani, kilichoandikwa namba zote za macho yote mawili na jina la lenzi lile la kiwandani. Nasema la kiwandani kwa sababu maduka makubwa ya nje hubandika majina yao kwenye lenzi za viwanda vya wengine, na ukivuka mpaka jina hilo halina mwenyewe. Biofinity au Acuvue utazikuta nchi nyingi. "Lenzi za duka la fulani" hutazikuta. Piga picha boksi pande zote, jitumie kwenye barua pepe, mtumie na mama WhatsApp. Simu huibwa, hata Ujerumani.

Wiki sita ni pea mbili za mwezi. Beba tatu, na usizirundike zote kwenye begi moja. Au muulize daktari kuhusu zile za kutupa kila siku, waja leo waondoka leo, kama mji wetu. Ukizivaa mwaka mzima zinakula pesa, sikufichi, ila hazitaki dawa ya kuoshea wala kikopo, na moja ikiingia kwenye sinki unafungua nyingine. Akikulinganishia hizo pembeni ya zako za mwezi, pakiti moja kwa kila jicho inakutosha kuwa akiba ya safari. Lakini ni lazima azilinganishe. Hizo nazo zina mviringo wake.

Dawa ya lenzi, chupa kubwa iweke kwenye begi la kukabidhi, kwani la mkononi wengi wanakomea mililita 100. Usiihamishie kwenye kichupa cha manukato kilichoisha. Ikishahama, usafi wake wa kiwandani umekwisha. Tafuta kichupa kidogo kilichofungwa huko huko kiwandani. Na ukiishiwa ukiwa Hamburg, soma kabla ya kumimina. Iko dawa ya haidrojeni peroksaidi, mara nyingi ina kizibo chekundu, inakuja na kikopo chake maalumu na lenzi hulala humo si chini ya saa sita. Ukiitia jichoni mbichi utawataja mababu wote kwa majina. Ndani ya ndege hewa ni kavu, vua lenzi, vaa miwani, ulale.

Jicho likigeuka jekundu, likauma, likakimbia mwanga au likaona ukungu, toa lenzi na uende siku hiyo hiyo. Uliyoitoa ibebe kwenye kikopo chake, daktari anaweza kuipima akajua ni mdudu gani. Ujerumani usiku na mwisho wa wiki daktari wa zamu anapatikana kwa namba 116117, na dharura kubwa ni 112. Ziandike kwenye karatasi.

Umeona nimesema vaa miwani kana kwamba unayo. Hapo ndipo safari yako ilipoharibikia, mwanangu, siyo dukani. Ungekuwa na miwani begini, ile lenzi ingechanika ukasonya, ukavaa miwani, ukasubiri miadi ya wiki ijayo kama watu wengine, na baba mkubwa ungemwamkia. Ulikwenda kuazima jicho la mwenzio kwa sababu lako uliliacha kabatini.

Kwa neno kiburi simuungi mama mkono. Mwenye −6.50 ana haki ya kuona pembeni. Kwa miwani namuunga. Hukohuko Dar tengeneza mpya kwa vipimo vipya, na waombe vioo vyembamba, vya indeksi 1.67 ikiwezekana, na fremu ndogo, maana fremu pana ndiyo inayotoa kingo nene. Vile vya chuoni vya kufanana na kitako cha chupa ya soda si lazima uvirithi.

Na mchumba? Mimi marehemu mume wangu alijua kwamba nina meno mawili ya kubandika wiki ya pili ya ndoa, yalipoangukia kwenye bakuli la uji. Aliyaopoa kwa kijiko, akayafuta, akanirudishia, akauliza kama uji umetiwa sukari. Hakuna zaidi. Lakini zile wiki mbili nilitafuna kwa upande mmoja, sicheki, silali vizuri. Wewe utafika mbali zaidi yangu kwa ubaya. Ukiingia ndani ya nyumba yake na siri hiyo, usiku utalala na lenzi ili asijue, nakujua, na kulala na lenzi ni kulitafutia jicho kidonda kingine. Hilo daktari wangu alilisema mara tatu bila kuulizwa.

Hao mawifi watasema. Wangesema hata ungekuja na macho ya tai. Wewe Ijumaa hii akija, mfungulie mlango na miwani usoni. Usimwandalie hotuba. Akiuliza, mwambie macho yangu ni sita na nusu, nikivua hii sikuoni hadi unikaribie. Mwanamume mwenye akili atajua la kufanya na taarifa hiyo.

Zile lenzi za kwenye droo zitoe leo. Usizimwage chooni wala kwenye sinki; ziende kwenye takataka, na kikopo chake.

Shangazi